Mgongo Unaoamka Umekakamaa: Mwongozo Kamili wa Kuupima na Kuufuatilia

Nilipomwita kijana wa bodaboda kutoka benchi la nje, hakugeuza shingo kunitazama. Aligeuka mwili mzima, mabega, kiuno na miguu, kama mtu aliyejitwika mtungi. Alikuwa na miaka 29. Daftari lake la hospitali lilikuwa limejaa, na katikati yake nikakuta mwandiko wangu mwenyewe wa miaka mitatu nyuma, nilipokuwa nikifanya kazi katika kituo kingine hapa Kisumu: "Maumivu ya mgongo. Sindano. Apumzike." Hapakuwa na swali hata moja kuhusu asubuhi yake, wala kipimo chochote cha sentimita. Lile neno la mwisho ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu ugonjwa aliokuwa nao hupoa mtu akijongea na huzidi akilala.

Mwongozo huu nauandikia maafisa wa kliniki, wauguzi na watu wa fiziotherapia walio kwenye vituo vya Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega na kwingineko magharibi, ambako bingwa wa magonjwa ya viungo hayuko hata chumba cha tatu. Mgonjwa naye akiusoma, utamsaidia kujua aulize nini.

Ugonjwa wenyewe huitwa spondiloathraitisi. Kinga ya mwili huwasha uvimbe kwenye viungo vinavyounganisha uti wa mgongo na nyonga, kisha uvimbe hupanda kwenye pingili. Kwa baadhi ya watu, baada ya miaka, pingili hushikana kwa mfupa mpya na mgongo huwa kama fimbo. Uharibifu ukishaonekana kwenye eksrei ya viungo hivyo vya nyonga na mgongo, ugonjwa huitwa ankilosingi spondilaitisi. Mara nyingi huanza mtu akiwa katika miaka ya ishirini, na ni nadra uanze baada ya 45. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba kati ya dalili za kwanza na jina la ugonjwa hupita wastani wa karibu miaka 7. Mgonjwa hubeba daftari lake kituo hadi kituo miaka yote hiyo.

Anza na asubuhi yake

Maumivu ya mgongo tunayaona kila siku, na mengi ni ya misuli, ya jembe, ya mitungi ya maji, ya magunia. Kazi yako ni kumtoa yule mmoja katika kundi hilo, na maswali ndiyo yanayomtoa, kabla ya mashine yoyote.

Ukimuuliza mtu "unakakamaa kwa dakika ngapi?" atakupa namba ya kukuridhisha. Mimi huuliza hivi: "Ukiamka, unaweza kuinama uoshe uso kwenye karai hapo hapo, au unangoja?" Akisema anangoja, nauliza: "Mwili ukianza kulegea, nyumbani kunakuwa kumefanyika nini? Chai imeshanywewa? Watoto wameshaenda shule?" Kijana wangu alijibu, "Daktari, mimi huamka saa kumi na moja. Saa kumi na mbili na nusu ndio naweza kupanda pikipiki. Kabla ya hapo naishikilia tu." Hiyo ni saa moja na nusu. Kukakamaa kwa zaidi ya dakika 30 kunatosha kukufanya uvute kiti na kukaa naye vizuri.

Kisha tafuta mambo haya matano: maumivu yalianza kabla ya miaka 40, yalikuja polepole bila ajali, hupungua akifanya mazoezi au kazi, hayapungui akipumzika, na humwamsha usiku lakini hupoa akiinuka na kutembea. Akiwa na manne kati ya hayo, na maumivu yamezidi miezi mitatu, mshuku. Sikiliza hasa habari ya usiku. Watu wengi husema huamka saa nane au saa tisa, huzunguka nyumba, kisha hurudi kulala. Wengine hueleza maumivu ya kalio yanayohama, wiki hii kulia, wiki ijayo kushoto. Ukisikia hilo, usiliandike haraka kwamba ni mshipa wa mguu.

Toka nje ya mgongo pia, kwa sababu mgonjwa hajui kwamba mambo haya yana uhusiano. Jicho limewahi kuwa jekundu, likauma na kuchukia mwanga? Kisigino kinamchoma anapokanyaga chini asubuhi? Kuna kidole kilichovimba chote kama ndizi? Ana soriasisi, mabaka ya ngozi yenye magamba kwenye viwiko, magoti au kichwani? Anaharisha damu mara kwa mara? Je, shida ilifuata ugonjwa wa kuhara au usaha wa njia ya mkojo wiki chache kabla? Kuna ndugu wa damu mwenye mgongo wa aina hiyo? Na dawa za uvimbe, diklofenaki au ibuprofeni, zinamtuliza vizuri ndani ya siku moja au mbili? Jibu la ndio kwa swali hili la mwisho lina uzito, ingawa halitoshi peke yake.

Neno kuhusu akina mama. Tulifundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa vijana wa kiume, na ni kweli wanaume huonekana zaidi miongoni mwa wale ambao mgongo umeshashikana. Lakini katika hatua za mapema, kabla eksrei haijaonyesha kitu, wanawake wanakaribia kuwa sawa na wanaume. Mama wa miaka 31 anayeambiwa kila mara kwamba ni uzazi au ni shamba, naye huamka amekakamaa hadi saa tatu, anastahili maswali yaleyale.

Usikimbilie jina: yako magonjwa ya kwetu yanayofanana

Hapa magharibi sitaki mtu aruke hatua hii. TB ya mgongo ndiyo ya kwanza. Mgonjwa amepungua uzito, anatoka jasho usiku, ana homa, au ukipitisha kidole mgongoni unagusa kinundu kilichochomoza mahali pamoja. Maumivu yake kwa kawaida yana mahali maalum na hayapoi kwa kutembea. Chunguza kifua, omba makohozi yapimwe kwa GeneXpert ikiwa anakohoa, na piga eksrei ya sehemu inayouma.

Brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, ni ya pili, na hii hudanganya hasa, kwa kuwa inaweza kuvimbisha viungo vilevile vya nyonga na mgongo. Uliza juu ya maziwa mabichi, kuzalisha ng'ombe, kuchinja. Selimundu ipo sana kandokando ya ziwa. Mtoto au kijana mwenye maumivu ya mifupa yanayokuja na kuondoka apimwe. Virusi vya Ukimwi pia: kaunti za Nyanza ndizo zenye maambukizi mengi zaidi nchini, na virusi hivyo huendana na aina za yabisi zinazofanana na hii na wakati mwingine huzifanya ziwe kali. Mpe kila mgonjwa nafasi ya kupimwa, kwa heshima na siri.

Miguu ikilegea, mkojo ukiziba au ukitoka wenyewe, au sehemu za siri zikifa ganzi, acha mwongozo huu. Mpeleke hospitali ya rufaa siku hiyohiyo.

Tepu ya fundi cherehani

Ukitaka kubaki na kitu kimoja tu kutoka hapa, kiwe hiki. Nunua tepu laini ya fundi cherehani na kalamu ya wino unaooshika, uviweke kwenye droo yako. Ndivyo vifaa vyote utakavyohitaji kwa vipimo vinne vifuatavyo, na vyote vinakwisha kwa dakika kumi.

Kipimo cha kwanza ni kuinama. Mgonjwa asimame wima, mgongo wazi. Juu ya makalio kuna vishimo viwili vidogo, kimoja kila upande. Chora mstari wa kuviunganisha, weka alama katikati yake, kisha pima sentimita 10 kwenda juu na uweke alama ya pili. Mwambie ainame kadiri awezavyo bila kukunja magoti, nawe upime tena umbali kati ya alama hizo. Mgongo unaokunjika vizuri hufungua umbali huo kwa takriban sentimita 5, yaani 10 inakuwa 15. Kijana wa bodaboda alitoka 10 akafika 12.1. Usidanganywe na vidole vyake kukaribia sakafu. Nyonga zikiwa nzima mtu hugusa ardhi huku mgongo haukunjiki hata kidogo, ndiyo maana tunapima ngozi ya mgongo.

Pili, kuinama upande. Asimame mgongo ukigusa ukuta, mikono imening'inia. Pima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi sakafuni, kisha ateleze mkono chini kando ya paja bila kuinua kisigino wala kukunja goti, na upime tena. Tofauti ndiyo jibu. Fanya pande zote mbili.

Tatu, kifua. Zungusha tepu usawa wa chuchu kwa mwanamume, chini ya matiti kwa mwanamke, mikono yake ikiwa nyuma ya kichwa. Atoe pumzi yote, soma. Avute pumzi yote, soma. Kijana mwenye afya hupanuka sentimita 5 au zaidi. Chini ya 2.5 kuna tatizo, ingawa umri na magonjwa ya mapafu nayo hupunguza. Kama mgonjwa ni mwanamke na wewe ni mwanamume, mwombe muuguzi wa kike akae nanyi, na mgonjwa ajifunge leso.

Nne, kichwa na ukuta. Visigino na mgongo viguse ukuta, kidevu kisiinuliwe, ajaribu kugusisha kisogo. Kinapaswa kugusa. Kama kuna nafasi, pima nafasi hiyo.

Sasa, kosa ambalo mimi nalo nimelifanya: kumpima mtu mara ya kwanza saa mbili asubuhi, na mara ya pili saa tisa alasiri baada ya kumeza dawa, kisha kushangilia kwamba amepata nafuu. Mgongo huu hulegea kadiri siku inavyoendelea. Kwa hiyo andika saa, andika kama amemeza dawa na lini, na ikiwezekana apimwe na mtu yuleyule kila mara. Pima mara mbili na uandike iliyo bora.

Ukimaliza tepu, mlaze chali, kifundo cha mguu mmoja kiwe juu ya goti la pili, kisha ubonyeze goti lililokunjwa taratibu kuelekea kitandani. Maumivu yakija nyuma, juu ya kalio, shuku kiungo cha nyonga na mgongo. Yakija kwenye kinena, huenda nyonga yenyewe ndiyo yenye shida. Bonyeza pia visigino pale kano kubwa ya nyuma inaposhika mfupa.

Damu na picha

Omba CRP au ESR, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, hesabu ya damu, na kazi ya figo na ini kabla ya dawa za muda mrefu. CRP ikiwa juu inasaidia. Ikiwa ya kawaida haimfukuzi mgonjwa, maana wengi wao huwa nayo ya kawaida. Kipimo cha HLA-B27, jeni linalohusishwa na ugonjwa huu, ni ghali na kwa watu weusi wa Afrika jeni hilo ni adimu, hivyo jibu hasi kwetu lina thamani ndogo. Simtumi mgonjwa maskini akalitafute.

Eksrei ya fupanyonga huonyesha mikwaruzo na kushikana kwa viungo, lakini huchelewa kwa miaka. Picha ya MRI huona uvimbe mapema. Kabla ya kumtuma, hakikisha ameandikishwa SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na ulizia malipo huko anakokwenda, ili asipande matatu kwa nauli ya kukopa akarudishwa mlangoni.

Maswali sita yenye namba

Tepu hupima mwili, ila haijui mgonjwa anaishije. Kuna kipimo kinachoitwa BASDAI, kilichotungwa Bath, Uingereza, kikachapishwa mwaka 1994. Mgonjwa hujipa alama 0 hadi 10 kwa wiki iliyopita: uchovu; maumivu ya shingo, mgongo au nyonga; maumivu na uvimbe wa viungo vingine; maumivu ya mahali panapouma pakiguswa; ukali wa kukakamaa asubuhi; na muda wa kukakamaa huko, ambapo 0 ni hakuna, 5 ni saa moja na 10 ni saa mbili au zaidi.

Hesabu yake ni hii. Chukua wastani wa maswali mawili ya asubuhi, ujumlishe na yale manne ya kwanza, ugawanye kwa 5. Mtu akisema uchovu 6, mgongo 8, viungo vingine 2, kuguswa 4, ukali 8 na muda 5, wastani wa asubuhi ni 6.5, jumla ni 26.5, na alama yake ni 5.3. Nne au zaidi huchukuliwa kuwa ugonjwa bado unawaka. Kushuka kwa alama 2, au kwa nusu, ni nafuu ya kweli.

Mzee asiyezoea namba mpe mawe kumi madogo mezani, atenge yanayolingana na maumivu yake. Nimeona mawe yakileta jibu la uaminifu kuliko mstari wa kwenye karatasi. Kumbuka tu kwamba uchovu na huzuni huipandisha alama hii hata uvimbe ukiwa umelala. Ndiyo maana inasomwa pamoja na CRP na tepu.

Kinachoanza siku hiyohiyo

Dawa ya kwanza ni ya kutuliza uvimbe kwa kipimo kamili, mfano naprokseni miligramu 500 mara mbili kwa siku au diklofenaki isiyozidi miligramu 150 kwa siku, baada ya chakula, moja tu kwa wakati mmoja. Ipe wiki mbili hadi nne kabla ya kusema imeshindwa, kisha jaribu nyingine ya jamii hiyo. Kabla ya kuanza dawa hizi uliza vidonda vya tumbo, presha, figo na ujauzito. Kuanzia wiki ya 20 ya mimba dawa hizi zina hatari kwa mtoto. Mwambie alete vidonge vyote anavyomeza, hata vile vya kwenye kikaratasi kisicho na jina. Wengi huwa wanameza dawa mbili za jamii moja bila kujua, na wengine wanameza steroidi. Vidonge vya steroidi vya muda mrefu havifai kwa ugonjwa huu wa mgongo, na methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, haisaidii mgongo, ingawa salfasalazini, nyingine ya aina hiyo, inaweza kusaidia magoti na vifundo vilivyovimba.

Mazoezi ni nusu ya tiba, kila siku, maisha yote. Usimpe karatasi tu, yafanye naye juu ya mkeka: kujinyoosha, kugeuza shingo taratibu, kuvuta pumzi ya kina, na kulala kifudifudi dakika 15 hadi 20 ili mgongo na nyonga visipinde. Godoro liwe gumu kiasi, mto uwe mwembamba. Sigara aiache, kwa kuwa huharakisha uharibifu. Akisafiri kwenda Nairobi achukue kiti cha kando ya njia, na gari likisimama Nakuru ashuke atembee.

Ukurasa wa katikati wa daftari

Hapa ndipo tunapompoteza mgonjwa. Kila ziara inaandikwa ukurasa mpya, na hakuna anayefungua wa nyuma. Mimi hufungua kurasa mbili za katikati, pale penye pini, nikachora jedwali: tarehe, saa, kuinama, upande kulia na kushoto, kifua, ukuta, BASDAI, CRP, presha, dawa. Ziara moja mstari mmoja. Yeyote atakayelifungua, awe Ahero au Luanda ya Vihiga, ataona safari nzima kwa mtazamo mmoja. Nakala nyingine ibaki kwenye faili la kituo, kwa maana madaftari hunyeshewa.

Ugonjwa ukiwaka, arudi baada ya wiki nne, kisha kila miezi mitatu. Ukitulia, kila miezi sita. Anayemeza dawa za uvimbe kila siku apimwe presha kila anapokuja, na figo angalau mara moja au mbili kwa mwaka. Kila ziara uliza mambo mawili hata kama amekuja akitabasamu.

Jicho. Karibu robo ya wagonjwa hawa hupata uvimbe wa ndani ya jicho wakati fulani. Jicho moja jekundu, linauma, haliwezi mwanga, linaona ukungu: aonwe na mtu wa macho ndani ya saa 24. Asinunue matone dukani. Kwa walio Vihiga na jirani, hospitali ya macho ya Sabatia iko karibu kuliko wanavyodhani.

Na kuanguka. Mgongo ulioshikana huvunjika kama ukuni mkavu, hata kwa kuteleza bafuni. Mgonjwa wa aina hii akianguka kutoka kwenye pikipiki na kupata maumivu mapya, mchukulie kuwa amevunjika hadi picha ya CT ikatae, kwa kuwa eksrei inaweza kukosa ufa. Usimnyooshe shingo kwa nguvu kitandani. Iegemeze ilivyozoea kukaa, hata kama imeinama mbele. Jambo hili waambie na watu wa nyumbani kwake, kwa sababu ndio watakaokuwa wa kwanza kumwinua.

Barua ya rufaa

Kama dawa mbili za uvimbe kwa kipimo kamili pamoja na mazoezi zimeshindwa na BASDAI bado ni 4 au zaidi, ni wakati wa bingwa. Mabingwa hawa ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, hivyo pitia kwa daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa iliyo karibu: Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ambayo wenyeji bado huiita Russia, Moi kule Eldoret, au ile ya kaunti kule Nakuru. Huko ndiko huzungumzwa dawa za kibayolojia, sindano zinazozima sehemu ya kinga inayowasha uvimbe, kama adalimumabu na etanasepti. Zinafanya kazi vizuri, ni ghali sana, na zinaweza kuamsha TB iliyolala. Kwa hiyo tangulia: picha ya kifua, uchunguzi wa TB, homa ya ini ya B, na virusi vya Ukimwi, majibu yote yabanwe kwenye barua.

Barua yenyewe isiwe "mgongo, naomba msaada". Andika mwaka dalili zilipoanza, muda wa kukakamaa asubuhi, dawa zipi kwa kipimo gani na kwa wiki ngapi, na unakili jedwali la katikati lilivyo. Mpe mgonjwa tarehe ya kurudi kwako hata kama amepelekwa mbele, chukua namba yake ya simu na ya mtu wa nyumbani, na asipofika siku hiyo, mpigie jioni yake. Kijana wa bodaboda hakufika tarehe yake ya pili. Nilipopiga, alisema dawa zilikuwa zimeisha na alikuwa anaona haya kuja bila nauli ya kurudi. Alikuja Jumatatu, tukapima saa nne ileile ya mara ya kwanza: 12.8.